Mahindi ya Miezi Minne na Mkarafuu wa Miaka Saba

Kila mwaka masika yanapokaribia, husikika katika mabaraza ya vijijini, Unguja na Pemba, mazungumzo yale yale. Mwenye ekari zake tatu hujiuliza: je, mahali palipoanguka mkarafuu mkongwe apande mche mwingine wa mkarafuu, au apige jembe atie mahindi? Wapo wasemao kwamba karafuu hailiwi, na kwamba mtoto mwenye njaa hawezi kuambiwa angoje miaka saba. Wapo nao wasemao kwamba mkarafuu ndio uliovijenga visiwa hivi, na kwamba kuung'oa kwa ajili ya mahindi ni sawa na kuchinja ng'ombe wa maziwa kwa kutaka kitoweo cha siku moja.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina haki katika hoja zao, lakini zote zimekosea pahali pamoja. Zinashindana juu ya mmea upi ulio bora, wala haziulizi kila mmea unataka nini, unatoa nini, na unatoa lini. Katika safu hii leo tunakusudia kuipima mimea hii miwili kwa mizani moja, kisha tuseme lipi lawapasa wakulima na lipi lawapasa wakuu wahusika wa Serikali.

Yafaa tuanze kwa kukumbushana kwamba mahindi na mkarafuu wote ni wageni katika visiwa hivi. Mahindi asili yake ni Meksiko, ambako watu waliyafuga kutokana na nyasi za porini yapata miaka 9,000 iliyopita, nayo yalivuka bahari kuja pande zetu baada ya Wareno kufungua njia zao katika karne ya 16. Mkarafuu asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku, huko Indonesia, nao uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Basi hakuna anayeweza kudai kwamba mmoja ni wa wenyeji na mwingine ni wa kuja. Wote wawili walikaribishwa, na kila mmoja akapata pahali pake.

MAHITAJI YA MAHINDI

Mahindi ni mmea wa jua. Hayana subira wala hayavumilii kivuli. Yakipandwa chini ya mwembe au kati ya mikarafuu iliyokwisha funga matawi, bua hurefuka, hunyong'onyea, na gunzi hutoka na punje za kuhesabika. Katika joto la pwani yetu mbegu nzuri hukomaa kwa siku 90 hadi 120, na katika muda huo mmea huhitaji mvua ya milimita 500 hadi 800. Kiasi hicho pekee hakitoshi. Wakati nao una sharti lake. Mmea unapotoa mbelewele na ndevu, ukame wa siku chache tu waweza kuiharibu kazi ya miezi mitatu. Ndiyo maana mkulima anayechelewa kupanda hadi mvua za masika zimekwisha kolea hujikuta anaomba mvua wakati mbingu imekwisha kauka.

Mahindi pia ni mmea mlaji. Huinyonya ardhi kwa pupa, hasa ile rutuba ya naitrojeni inayolifanya jani kuwa la kijani kibichi. Konde inayopandwa mahindi mwaka baada ya mwaka bila samadi, bila mbolea na bila kunde, huanza kuonyesha majani ya manjano, na mavuno hupungua kila msimu. Juu ya hayo wapo maadui. Wa karibuni kabisa ni viwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika, walioonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuingia Tanzania mwaka 2017. Hao hujificha ndani ya moyo wa mmea, na mkulima asiyepita shambani mara kwa mara huwagundua wakati majani yamekwisha tobolewa.

Lakini mahindi yana fadhila moja kubwa. Yakiharibika msimu huu, msimu ujao hupandwa mengine. Hasara yake, ijapokuwa chungu, ni hasara ya mwaka mmoja.

MAHITAJI YA MKARAFUU

Mkarafuu ni kinyume chake karibu katika kila jambo. Mbegu yake haiwekwi akiba dukani wala ghalani. Ikishatoka katika tunda lililoiva hufa upesi, hivyo lazima ipelekwe kitaluni mara moja. Mche hukaa kitaluni mwaka mmoja hadi miwili, chini ya kivuli, ukimwagiliwa. Unapotolewa shambani bado hulitaka kivuli kwa miaka ya mwanzo, na kiangazi cha kwanza ndicho kiuacho miche mingi kuliko adui mwingine yeyote, mchwa nao wakisaidia. Unataka udongo wenye kina usiotuamisha maji, kama kinongo chekundu cha vilima vya Pemba na cha upande wa magharibi wa Unguja. Unataka mvua ya kutosha kwa mwaka, milimita 1,500 na zaidi, pamoja na hewa ya bahari na muda mfupi wa ukavu wa kuuchochea utoe maua. Katika ardhi ya maweni, iliyo jiwe tupu na udongo kiganjani, mkarafuu haustawi.

Mti huu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane. Hufikia nguvu zake kamili baada ya miaka 15 hadi 20, na ukitunzwa huweza kuishi miaka 80 na zaidi. Mwenye kuupanda akiwa mtu mzima huupanda kwa ajili ya wajukuu wake. Hata ukizaa, hauzai kwa kipimo kimoja: msimu mmoja hutupa mavuno makubwa, kisha hupumzika mwaka au miaka miwili. Na ukipatwa na kifo cha ghafla, maradhi ya kuvu ambayo wataalamu waliyachunguza hapa hapa kwetu katikati ya karne ya 20, mti mzima wenye afya waweza kukauka kwa muda mfupi. Yapo na maradhi mengine ya kukausha matawi ambayo huingilia penye jeraha, kama vile tawi lililovunjwa na mchumaji mwenye haraka.

Hasara ya mkarafuu, basi, ni hasara ya kizazi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha sehemu kubwa mno ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika zaidi, na tangu hapo ndiyo iliyoshika uongozi wa zao hili hadi leo. Siku moja ya upepo ilibadilisha uchumi wa visiwa viwili.

MATUMIZI YAKE

Tukija kwenye matumizi, mahindi hayahitaji maelezo marefu. Ni ugali, ni uji wa mtoto na wa mgonjwa, ni makande, ni mahindi ya kuchoma njiani. Pumba zake ni chakula cha kuku, mabua yake ni malisho ya ng'ombe au mbolea ya shamba, na magunzi yake ni kuni. Kila kitu chake kina kazi nyumbani kwa mkulima mwenyewe, na hapana soko la ng'ambo linaloweza kumwambia kwamba leo ugali hauna thamani.

Mkarafuu nao hutoa vitu vingi, ila vingi vyake hupitia kwa mnunuzi. Karafuu yenyewe ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka. Kilo tatu mbichi zikianikwa hubaki kilo moja hivi. Makonyo, yaani vile vijiti vya kichala vinavyobaki baada ya kuchambua, hukamuliwa mafuta, na kwa kazi hiyo kipo kiwanda Wawi, Chake Chake. Mafuta ya karafuu huingia katika dawa za meno, manukato na sabuni. Karafuu hukoleza pilau katika nchi nyingi, lakini mtumiaji wake mkubwa kuliko wote duniani ni viwanda vya sigara za karafuu vya Indonesia. Nyumbani kwa mkulima, zinazobaki ni chache za chai, chache za pilau, na moja ya kubana kwenye jino linalouma. Hakuna anayeshiba kwa karafuu.

Hata hivyo, fedha ya karafuu ndiyo iliyoezeka mapaa, ikalipa mahari na ikasomesha watoto katika vijiji vingi vya Pemba. Msimu mmoja mwema huleta nyumbani fedha ambayo mahindi ya ekari ile ile hayawezi kuileta. Kwa hiyo mwenye kudharau mkarafuu kwa sababu hauliwi ajiulize ada ya skuli na saruji hununuliwa kwa nini.

MAFUNZO YA MIAKA ILIYOPITA

Tunayo mafunzo mawili katika historia yetu wenyewe, na wote wanaopanga mipango ya kilimo wangefaa kuyaweka mezani.

La kwanza ni la karne ya 19. Kabla ya mkarafuu, Pemba ilikuwa ghala la nafaka. Mpunga wake ulilisha Mombasa. Kisha Seyyid Said aliamuru kwamba kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Mashamba yale yalifunguliwa kwa jasho na mateso ya watumwa, na ardhi njema ikajaa miti. Haukupita muda karafuu zikazidi mahitaji ya soko na bei ikashuka. Visiwa vilivyokuwa vikiuza nafaka vikawa vinanunua chakula kutoka ng'ambo. Hilo ndilo kosa la kupanda mti pasipo kuuliza mpandaji atakula nini.

La pili ni la karne ya 20. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia. Lakini nchi hiyo, ambayo ndiyo nyumbani kwa mkarafuu, ilipanda mikarafuu yake kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikaanza kujitosheleza. Bei ya dunia ikaanguka. Wakulima wetu wengi waliacha kupalilia, magugu yakaingia mashambani, na mikarafuu mikongwe ilipokufa haikupandwa mingine. Mapengo tunayoyaona leo katika mashamba yetu mengi yalianza wakati ule.

Ukiyaweka mafunzo haya pamoja utaona kwamba aliyetegemea mkarafuu peke yake aliumia, na aliyeuacha mkarafuu kwa kukata tamaa naye aliumia, kwani bei ilipopanda tena katika karne hii alikuwa hana mti wa kuchuma.

TATIZO LI KATIKA MIAKA SABA

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Kila mwaka Serikali huotesha miche na kuwagawia wananchi. Ni jambo jema na lastahili shukrani. Lakini mche unaotolewa bure bado una gharama, nayo ni miaka saba ya kungoja. Katika miaka hiyo mkulima lazima ale. Akiwa hana jibu la chakula, atafanya moja kati ya mawili: ama atauacha mche ufe magugunĩ aende akatafute kibarua mjini, ama atalima mahindi na muhogo hadi shinani, na jembe litakata mizizi ya mche ule ule aliopewa.

Jibu lipo, na wazee wetu walilijua kabla ya mabwana shamba kuliandika. Tufanye hesabu ndogo. Mkarafuu hupewa nafasi ya mita nane hadi tisa kila upande. Kwa mita tisa, ekari moja huchukua miche 50 hivi. Tukiuachia kila mche mviringo wenye upana wa mita tatu usioguswa na jembe la mahindi, mche mmoja utachukua mita za mraba saba, na miche yote 50 itachukua mita za mraba 350. Ekari nzima ina mita za mraba 4,047. Maana yake ni kwamba mikarafuu michanga haichukui hata sehemu moja ya kumi ya ekari. Zaidi ya sehemu tisa zimebaki wazi kwa chakula.

Katika miaka mitatu au minne ya mwanzo, basi, nafasi ile ya katikati na iwe ya mahindi na kunde. Mahindi yatapata jua lake, kunde zitairudishia ardhi rutuba, na palizi moja itatumikia mazao yote. Lakini tuseme wazi kwamba mahindi hayatoshi kuwa mwavuli wa mche. Yanavunwa na kuondolewa wakati kiangazi kinakaribia, ndipo mche unapohitaji kivuli zaidi. Kwa kazi hiyo mgomba mmoja au miwili, au mistari ya muhogo, ipandwe pembeni ya kila mche, kwa umbali wa kutosha isiunyime hewa. Kuanzia mwaka wa tano, kivuli kikizidi, mahindi yaondoke kwa heshima, na nafasi yake ichukuliwe na mimea inayoridhika na kivuli kama manjano, tangawizi na pilipili manga, hadi mkarafuu uanze kulipa deni lake.

Kwa ndugu zetu wa maweni, kama Micheweni na Makunduchi, habari ni nyingine. Huko mkarafuu haupelekwi kwa nguvu. Huko mahindi, mtama na kunde ndiyo yenye haki ya kwanza, na msaada wanaouhitaji ni mbegu inayowahi kukomaa, samadi, na kuachwa kwa ardhi ipumzike, kwani siku hizi kichaka hufyekwa na kuchomwa kabla hakijarudisha rutuba yake.

YANAYOIPASA SERIKALI

Tunawaomba wakuu wahusika wayatazame mambo matatu.

Kwanza, hesabu. Taarifa hutaja miche iliyotolewa. Tungependa zitaje pia miche iliyo hai baada ya viangazi viwili. Sheha na bwana shamba wanaweza kuihesabu kwa kutembea, na hesabu hiyo ndiyo itakayoonyesha kama fedha ya umma imeota mizizi.

Pili, wakati. Mche ukifika kijijini mwanzoni mwa masika una miezi ya mvua mbele yake. Ukifika Juni, umepelekwa kufa. Pamoja na mche ifike mbegu ya mahindi na ya kunde, ili mpandaji apokee mti na chakula cha kumngojea mti.

Tatu, haki ya mti. Katika visiwa vyetu ni jambo la kawaida ardhi kuwa ya mmoja na mti kuwa wa mwingine, na kwa muda mrefu imekuwako desturi ya kukodisha mikarafuu ya Serikali kwa msimu. Anayekodi kwa msimu mmoja huchuma. Hapalilii wala hapandi, kwa kuwa hajui mwakani utakuwa wa nani. Hatumlaumu. Mtu hupanda mti wa miaka 80 pale anapojua kwamba yeye na wanawe watauchuma. Muda mrefu wa mkataba, wenye sharti la kujaza mapengo, ungepanda mikarafuu mingi kuliko hotuba nyingi.

YANAYOWAPASA WAKULIMA

Nasi wananchi tunayo yetu. Mkarafuu usikatwe kwa makaa au kwa kiwanja bila idhini. Sheria yakataza, na hata sheria isingekataza, miaka saba haiuzwi kwa magunia machache. Moto wa kusafishia konde ya mahindi uwekewe mpaka, kwa maana kila msimu miche iliyopona kiangazi huuawa na kiberiti. Mchumaji asivunje tawi ili apate kichala. Na katika kuanika, mazao yote mawili yana sharti moja: jamvi safi na jua la kutosha. Karafuu zilizorundikwa mbichi hupoteza daraja na bei. Mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka huota kuvu litoalo sumu, na mwaka 2016 huko Tanzania Bara, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumukuvu iliua watu. Siku tatu za kuanika zaweza kuokoa kazi ya msimu mzima.

Twamalizia pale tulipoanzia. Yule mwenye ekari tatu aliyesimama mbele ya shimo la mkarafuu ulioanguka, tungemwambia apande vyote viwili: mche katika shimo, mahindi kandokando yake, na mgomba wa kuukinga. Naye bwana shamba apite kwake mwezi wa Agosti, mvua zikiwa zimekatika, atazame kama mche bado una majani. Waliotangulia wamesema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mahindi ni ya jua la leo. Kivuli ni cha watakaotufuata, na hawatakipata ikiwa masika haya yatapita hatujapanda.